Laptopu ndogo ya Atom, UEFI ya biti 32: flashi ya Linux haionekani kabisa kwenye menyu ya kuwashia

terminali_nyeusi aliuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Nina laptopu ya inchi 11, prosesa Atom Z3735F, RAM GB 2, hifadhi ni eMMC ya GB 32 iliyounganishwa moja kwa moja na ubao. Ilikuja na Windows 10 ya biti 32. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai RAM GB 4, hifadhi GB 64 na TPM 2.0 (kijenzi cha usalama), kwa hiyo mlango huo umefungwa. Mtengenezaji hatambui mfumo mwingine wowote kwenye mashine hii.

Nimeandika ISO ya Linux ya biti 64 (ya jamii ya Ubuntu) kwenye flashi ya GB 8. Flashi hiyohiyo inawaka vizuri kwenye kompyuta ya mezani. Kwenye laptopu hii nikifungua menyu ya kuwashia naona "Windows Boot Manager" peke yake, flashi haimo. Secure Boot nimezima, Fast Boot nimezima, nimebadili flashi na tundu la USB. Sehemu ya Legacy au CSM (kuwasha kwa mtindo wa zamani wa BIOS) haipo kabisa kwenye setapu.

Je, prosesa hii ni ya biti 32 na ndiyo sababu? Nitafute ISO ya biti 32? Na je, RAM ya GB 2 itabeba mfumo wenye madirisha au nijiandae kuishi kwenye terminali?

---

fundi_ubao alijibu:

Mkuu, prosesa yako ni ya biti 64. Kilicho cha biti 32 ni fimuwea, yaani hiyo UEFI, programu ya kwenye ubao inayoanza kuwasha mashine. Hayo ni mambo mawili tofauti, na watu wengi wanapoteza siku nzima hapo.

UEFI ikikuta flashi haisomi ISO, haijui Linux ni nini. Inaingia kwenye folda ya EFI/BOOT na kutafuta faili moja tu kwa jina. Fimuwea ya biti 64 inatafuta BOOTX64.EFI, ya biti 32 inatafuta BOOTIA32.EFI. ISO yako ina ya kwanza, haina ya pili. Kwa fimuwea yako flashi hiyo ni sawa na flashi tupu, kwa hiyo haiorodheshi wala haitoi ujumbe wa kosa. Hata ungebadili flashi kumi jibu lingekuwa lilelile.

Ukitaka kujiridhisha, kwenye Linux yoyote itakayowaka kwenye mashine hiyo andika:

`cat /sys/firmware/efi/fw_platform_size`

Itajibu 32. Kwenye Windows fungua msinfo32 usome mstari wa System Type: ukiona "x86-based PC" kwenye prosesa kama hii, umeshajua.

Windows ya biti 64 haiwaki kabisa juu ya fimuwea ya biti 32. Linux inaweza, kwa sababu kerneli (kiini cha Linux) ilipata uwezo huo tangu toleo 3.15 la mwaka 2014: kiwashi (programu ndogo inayoupakia mfumo) kinakuwa cha biti 32, kerneli na mfumo wote unabaki wa biti 64. Hiyo ndiyo njia yako. Usikimbilie ISO ya biti 32.

Kwa mashine za namna hii napendekeza Debian, na sababu ni moja: kisakinishi chake kinatambua fimuwea ya biti 32 na kuweka kiwashi sahihi chenyewe. Chukua netinst (ISO ndogo inayopakua vingine mtandaoni) ya amd64 (jina la biti 64, hata kwa prosesa za Intel), toleo 12 au 13. Kabla hujaiandika, ifungue kama folda ya kawaida uangalie ndani ya EFI/boot. Ukiliona jina bootia32.efi, endelea. Usipoliona, umepakua ISO isiyo yake.

Kuandika, kwenye Linux: tazama kwanza `lsblk` ujue flashi ni ipi, halafu

`sudo cp debian.iso /dev/sdX`
`sync`

Andika herufi ya flashi mahali pa X, bila namba mwishoni. Ukikosea ukaweka diski ya kompyuta, kilichomo hakirudi, kwa hiyo linganisha ukubwa kwenye lsblk mara mbili. Kwenye Windows tumia Rufus, na ikikuuliza namna ya kuandika chagua DD.

Jambo la mwisho kabla hujagusa eMMC: inakili yote. Washa mfumo wowote wa live (unaoendeshwa kwenye flashi bila kusakinishwa) utakaowaka kwenye mashine hiyo, chomeka diski ya nje yenye nafasi ya GB 32 au zaidi, kisha:

`sudo dd if=/dev/mmcblk0 of=/njia/ya/diski/emmc.img bs=4M status=progress conv=fsync`

Diski hiyo ya nje isiwe FAT32, maana FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4 na nakala itakatika katikati. Na kama Windows ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, nakili ufunguo wa kuirejesha pembeni, la sivyo picha hiyo haitakufaa baadaye.

---

terminali_nyeusi:

Asante sana mkuu, sasa naelewa. Nakala ya eMMC ninayo. Ila nilikuwa nimeshaipakua ile ISO ya jamii ya Ubuntu, na bando ni la kubana, kwa hiyo nimeiandika flashi upya kama FAT32, nikapachika bootia32.efi ndani ya EFI/BOOT. Flashi imeonekana, imewaka, usakinishaji umekwenda mpaka karibu na mwisho, ndipo ikatokea hii:

"Executing 'grub-install /dev/mmcblk0' failed. This is a fatal error."

Nikafungua terminali nikaiendesha kwa mkono, ikasema:

"grub-install: error: /usr/lib/grub/i386-efi/modinfo.sh doesn't exist. Please specify --target or --directory."

Nimezima. Nikiwasha bila flashi: "No bootable device". Nianze upya na Debian, au hii inaokoka?

---

mshale_wa_grub alijibu:

Inaokoka. Usianze upya.

Kilichotokea ni hiki: faili ulilopachika liliiwezesha flashi kuwaka, lakini halikumwambia kisakinishi chochote. Kilipofika kwenye kiwashi, grub-install (amri inayoweka GRUB, kiwashi cha Linux) ikasoma ile fw_platform_size, ikakuta 32, ikaenda kutafuta moduli za i386-efi (za biti 32). ISO hiyo imebeba moduli za x86_64-efi tu, ikakwama. Mfumo wenyewe umeshanakiliwa kwenye eMMC, kilichokosekana ni kiwashi.

Kwanza toa kadi ya SD kama ipo kwenye tundu lake. eMMC na kadi ya SD zote ni mmcblk, na namba zinaweza kupishana, leo mmcblk0 kesho mmcblk1.

Chomeka flashi ileile, washa, na menyu ya GRUB ikitokea bonyeza herufi c. Utapata alama ya `grub>`. Andika:

`ls`

Utaona kitu kama `(hd0) (hd0,msdos1) (hd1) (hd1,gpt2) (hd1,gpt1)`. Flashi yako ndiyo yenye msdos, ikiwa iliandikwa hivyo; eMMC ndiyo yenye gpt. Kagua:

`ls (hd1,gpt2)/boot/`

Ukiona majina ya vmlinuz na initrd.img (kerneli na faili lake la kuanzia), umefika. Ukiambiwa haijulikani, jaribu gpt1 au gpt3. Kisha mistari minne:

`set root=(hd1,gpt2)`
`linux /boot/vmlinuz root=/dev/mmcblk0p2 ro`
`initrd /boot/initrd.img`
`boot`

Zingatia kwamba namba ya gpt na namba baada ya p lazima zifanane: gpt2 ni mmcblk0p2. Kitufe cha Tab kinakamilisha majina, kitumie, na kama viungo vya vmlinuz na initrd.img havipo, Tab itakuonyesha majina marefu yenye namba ya toleo. Kibodi hapo inasomeka kwa mpangilio wa Marekani hata kama yako ni tofauti, na alama za mabano na mkwaju zinaweza kuwa zimehama.

Ikiwaka ikakutupa kwenye alama ya `(initramfs)`, maana yake root uliyotaja siyo. Andika `blkid` hapohapo, isome partisheni ya ext4, kisha rudi uandike jina sahihi.

Ukishaingia kwenye mfumo, pata intaneti kwa simu: waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB kwenye simu. Wi-Fi usiitegemee kwa sasa. Halafu:

`sudo apt update`
`sudo apt install grub-efi-ia32`
`sudo grub-install --target=i386-efi --efi-directory=/boot/efi --removable`
`sudo update-grub`

apt itakuambia inataka kuondoa grub-efi-amd64. Ikubalie, kwenye mashine hii haina kazi. Kabla ya mstari wa tatu hakikisha /boot/efi imeunganishwa kweli, kwa `findmnt /boot/efi`. Usipopata jibu, unganisha kwanza: `sudo mount /dev/mmcblk0p1 /boot/efi`, ikiwa p1 ndiyo ile ndogo ya FAT32, na uhakikishe imo kwenye /etc/fstab.

Hilo neno `--removable` usiliache. Fimuwea nyingi za laptopu hizi zinasahau majina ya viwashi zilivyoandikiwa, zinarudi kutafuta EFI/BOOT/BOOTIA32.EFI kila zikiwaka. Kwa `--removable` GRUB inakaa hapohapo zinapotafuta.

---

fundi_ubao:

Niongezee kwenye hoja ya mshale_wa_grub, maana mtego wake unakuja miezi kadhaa baadaye. Kifurushi cha GRUB kikisasishwa, apt inaendesha grub-install yenyewe, na inaiendesha bila `--removable`. Moduli zilizo kwenye /boot/grub zinakuwa mpya, faili lililo kwenye EFI/BOOT linabaki la zamani, na siku moja vinakosa kuelewana. Unawasha, unakutana na `grub rescue>`. Dawa ni kuiambia mapema:

`sudo dpkg-reconfigure grub-efi-ia32`

Kati ya maswali itakayouliza kuna linalohusu kuweka nakala ya ziada kwenye njia ya EFI ya vifaa vinavyochomolewa. Jibu ndiyo. Kuanzia hapo kila sasisho litaandika sehemu zote mbili.

---

bando_dogo alijibu:

Wadau, kwa RAM ya GB 2 mimi bado naona heri mfumo wa biti 32 mtupu. Programu za biti 64 zinakula kumbukumbu zaidi, na hapa kila MB ina thamani.

---

mshale_wa_grub:

Mkuu, kuhusu kumbukumbu uko sahihi, biti 64 inakula zaidi kidogo. Lakini Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala kerneli ya i386. Ubuntu iliacha ISO za biti 32 zamani. Vivinjari navyo vinaiacha biti 32 kimoja baada ya kingine, na kivinjari ndicho kitu kitakachotumika zaidi kwenye laptopu ya namna hii. Ukifunga biti 32 leo utalazimika kufumua baada ya muda mfupi. Tofauti hiyo ya kumbukumbu irudishwe kwa zram, ambayo inabana kurasa za RAM ndani ya RAM yenyewe badala ya kuzisukuma kwenye eMMC:

`sudo apt install zram-tools`

Kisha ndani ya /etc/default/zramswap weka `ALGO=zstd` na `PERCENT=50`, halafu `sudo systemctl restart zramswap`. Amri ya `swapon --show` ikuonyeshe /dev/zram0 ikiwa na kipaumbele cha juu kuliko faili la swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM ikijaa). eMMC ni ya taratibu na kila seli yake ina idadi ya mara za kuandikwa. Swapu ya kila dakika ndiyo inayoichosha kuliko kitu kingine chochote, na hii haitoki ikabadilishwa.

Kwa madirisha chukua Xfce au LXQt. GNOME itafunguka, lakini ukifungua kivinjari juu yake utasubiri kila kitu.

---

terminali_nyeusi:

Imewaka yenyewe bila flashi! Kwangu ilikuwa (hd1,gpt2) kama ulivyoandika, na nimefanya ile ya dpkg-reconfigure. Xfce imekaa vizuri, zram ipo.

Yamebaki matatu. Moja, mashine inaganda ghafla, hata mshale hausogei, wakati mwingine baada ya dakika kumi, wakati mwingine baada ya saa mbili. Pili, Wi-Fi ipo, lakini jina la mtandao wangu halionekani, naona ya jirani tu. `lspci` na `lsusb` hazionyeshi kadi yoyote ya Wi-Fi. Tatu, sauti hakuna.

---

joto_la_prosesa alijibu:

Kuganda: hilo ni tatizo linalojulikana la familia ya Bay Trail, ambayo Z3735F ni mmoja wao. Prosesa ikiwa haina kazi inaingia kwenye usingizi wa ngazi mbalimbali, na ikishuka kwenye ngazi za chini wakati mwingine haiamki. Kwa sababu inatokea mashine ikiwa imetulia, utaona inaganda zaidi ukiwa unasoma ukurasa au unatazama video kuliko ukiwa unaibebesha kazi nzito. Dalili ni hiyohiyo yako: mshale umesimama, kibodi haijibu, logi hazina neno lolote la mwisho.

Fungua /etc/default/grub na kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ongeza:

`intel_idle.max_cstate=1`

Uandike ndani ya alama za nukuu zilizopo, utenganishe na neno lililotangulia kwa nafasi moja, kisha `sudo update-grub` na uwashe upya. Thibitisha kwa `cat /proc/cmdline`.

Ila isiwe ya kudumu kabla hujapima. Unaizuia prosesa isilale, na gharama yake inalipwa na betri, utaiona wazi. Sasisha kerneli kwanza, kwa maana marekebisho yameingia humo kwa miaka kadhaa. Itumie mashine siku mbili tatu bila neno hilo, na ikiganda tena ndipo uliweke.

Wi-Fi: hutaiona kwenye lspci wala lsusb kwa sababu haiko PCI wala USB, iko kwenye njia ya SDIO, ileile inayotumiwa na kadi za SD. Tazama huku:

`cat /sys/bus/sdio/devices/*/uevent`

Mstari wa SDIO_ID ukianza na 024C ni Realtek, ukianza na 02D0 ni Broadcom. Nyingi za namna yako ni Realtek RTL8723BS, draiva yake r8723bs, na iko ndani ya kerneli tangu 4.12 ya mwaka 2017. Chipu hiyo inasikia GHz 2.4 peke yake. Ikiwa ruta yako inatangaza jina hilo kwenye GHz 5 tu, laptopu haitaliona hata ukiibandika juu ya ruta. Washa GHz 2.4 kwenye ruta, na chagua chaneli kati ya 1 na 11.

Ukishaunganika, ukiona inakatika kila baada ya muda, zima uokoaji wa umeme wa Wi-Fi. Kwenye mifumo ya jamii ya Ubuntu kuna /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf yenye `wifi.powersave = 3`. Ifanye 2, halafu `sudo systemctl restart NetworkManager`. Namba 2 ndiyo inayozima. Wengi wanaweka 0 wakidhani ndiyo kuzima, kumbe 0 inamaanisha tumia chaguo-msingi.

---

fundi_ubao:

Kuhusu sauti, anza kwa `cat /proc/asound/cards`. Kuna hali mbili.

Usipoona kadi yoyote yenye jina linaloanza na bytcr au bytcht, fimuwea ya sauti haijapakiwa. `sudo dmesg | grep -i sst` itakuonyesha inatafuta faili gani. Kwa Bay Trail ni intel/fw_sst_0f28.bin. Kwenye Debian linakuja na firmware-intel-sound, kwenye jamii ya Ubuntu limo ndani ya linux-firmware.

Ukiiona kadi lakini spika ziko kimya, basi kadi inafanya kazi na njia za ndani zimefungwa. Chipu hizi za sauti zina swichi nyingi ndani yake, na zinapangwa na maelezo yaliyo kwenye kifurushi cha alsa-ucm-conf. Hakikisha kipo na ni kipya, washa upya, kisha fungua kidhibiti cha sauti utazame kwenye sehemu ya mipangilio kama kuna chaguo la Speaker. Usianze kufungua swichi moja moja kwenye alsamixer. Zinafika makumi, majina yake hayaeleweki kwa urahisi, na ukishazivuruga hata maelezo sahihi ya alsa-ucm-conf yanapata shida kuzirudisha.

Ukifunika kifuniko nako kuwa macho: Z3735F haina usingizi wa S3 (ule unaozima karibu kila kitu isipokuwa RAM). `cat /sys/power/mem_sleep` itakuonyesha `[s2idle]` tu, kwa hiyo betri inaendelea kushuka mashine ikiwa imelala. Ikikaa usiku kucha bila chaja, izime kabisa.

Na `sudo systemctl enable --now fstrim.timer`, kama haijawashwa, ili eMMC ijulishwe kila wiki ni nafasi zipi zimeachwa wazi.

Ukishaona jina la kadi ya sauti, liandike hapa pamoja na jibu la `uname -r`. Kwa chipu za sauti za rt5640 na es8316 hatua zinazofuata si sawa.